Paa la Wifi Lilimalizika Kwanza

Juni, tarehe mosi

Kijitaa chekundu kinawaka, basi nadhani kinanisikia. Bwana wa bima ndiye aliyesema: mama, kila kinachotokea juu ya hilo paa kiwekee kumbukumbu mpaka kazi iishe. Nikamwambia mimi shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kuchuma machungwa na mama yangu, kalamu nikiishika mkono unatoka jasho. Ndipo Renita, mwanangu wa Atlanta, akaniletea kidude hiki cha kunasa sauti. Kikijaa atakisikiliza, aandike. Haya Renita, naanza, na pale nitakapomsema shangazi yako usikate hata neno.

Leo msimu wa vimbunga umefunguliwa, wamesema kwenye redio, kama vile ni duka. Na nyumba yangu bado imejifunika turubai la buluu tangu kile cha Oktoba. Nyumba hii baba yako Cleve aliijenga mwenyewe, msumari kwa msumari, jioni akitoka mashambani. Sina kitu kingine duniani. Nikiwaza kimbunga kingine kinikute chini ya turubai, natoka nje kukaza kamba.

Ng'ambo ya barabara wifi yangu Ozella naye ana turubai. Ila la kwake limevutwa likanyooka kama shuka la hospitali. La kwangu linapigapiga usiku kucha. Hata turubai, jamani.

Juni 4

Joto. Mvua ya saa tisa ilikuja saa tisa.

Juni 9

Amekuja Ndugu Harlan Tisdale, mkandarasi wetu. Huyu ni mdhamini wa kanisa letu, anaimba sauti ya chini mpaka viti vinatetemeka. Amekubali kufanya paa langu na la Ozella pamoja. Nimempikia mkate wa mahindi kwenye kikaango cheusi cha chuma, kile cha mama mkwe, Mama Lovie, Mungu amrehemu. Kikaango hicho kimenizidi umri. Mama Lovie alipokuwa anakufa aliniita mimi, mke wa mwanawe, akanipa, na binti yake mwenyewe Ozella amesimama palepale mlangoni. Nilikipokea kwa mikono miwili.

Harlan kabandika karatasi kwenye nguzo ya baraza, inasema kazi imeanza na nani ndiye mwenye nyumba. Kwangu ilichukua muda wa kumeza tonge. Nilimwambia bandika tu, ndugu yangu, mimi na wewe tunaomba Mungu mmoja. Akavuka kwa Ozella. Ozella kaisoma yote, kwa kidole, mstari kwa mstari, na mtu wa watu amesimama juani jasho linamchuruzika. Halafu akamwambia kuna neno limekosewa arudi nayo kesho. Mimi nilikuwa naangalia kupitia pazia. Niliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima.

Juni 17

Vigae vya lami vimeletwa, lori moja, nyumba mbili. Vyangu vya kijivu. Nilichagua kijivu kwa sababu Ozella alisema kijivu ndiyo rangi ya watu wenye adabu. Leo nimeona vya kwake: kijani, kama jani la mti wa magnolia likiwa limeoshwa na mvua.

Sijala mchana.

Juni 18

Bado ni kijani.

Juni 26

Twyla wa posta kasimamisha gari, kashuka. Twyla hashuki mpaka kuna jambo. Ana bahasha yenye ile kadi ya kijani mgongoni, ya kutia sahihi.

Sasa Renita, wewe umesoma, utanicheka. Lakini mtu aliyekulia kwenye nyumba za mashamba ya machungwa anajua: barua ya kutia sahihi haijawahi kumletea mtu keki. Barua ya kutia sahihi ndiyo iliyomchukua kaka yangu vitani. Ndiyo iliyotutoa kwenye nyumba ya kampuni baba alipovunjika nyonga. Huku kwetu watu wazima wote wanajua la kufanya: usitie sahihi. Ukishatia, imekushika. Usipotia, irudi ilikotoka ikawatafute wengine. Baba yako alikuwa akimwona mtu wa posta anashuka, anaingia bandani kuchonga kitu, hata kama hakuna cha kuchonga.

Basi nilijifanya niko bafuni. Twyla kagonga, kaita, "Mama Arletha, nakuona miguu chini ya pazia." Nikairudisha miguu nyuma. Akasema atajaribu tena. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliye bafuni kwamba asijisumbue, sipokei.

Kavuka barabara. Ozella kampokea, katia sahihi juu ya kofia ya gari, na kucheka wamecheka. Na yeye kapewa bahasha kama ile yangu. Nikajiuliza, Ozella anaandikiwa na nani siku hizi? Mjane wa miaka yote hiyo, leo anapelekewa barua za rejesta kama mke wa gavana.

Juni 27

Wifi kaja barazani. Hakukaa. Ozella hakai kwangu mpaka apangusiwe kiti. Kaniuliza kama nimepata barua ya duka la vigae.

Ningesema sijapata, angejua yeye kaandikiwa mimi nimerukwa. Ningesema nimekataa, angenisimanga mpaka Krismasi. Nikamwambia, "Niliipata zamani. Kabla yako."

Akaniangalia hivi. Akasema, "Basi vizuri. Unajua la kufanya nayo."

Nikasema, "Tangu lini nisijue?"

Nilijisikia nimeshinda. Nilikunywa chai ya barafu mitungi miwili.

Julai 1

Twyla kajaribu tena. Nilikuwa bafuni.

Julai 5

Harlan kaanza kwangu. Kwangu kwanza. Nyundo zinalia juu ya kichwa changu na mimi naimba nazo. Nimewapelekea mafundi tikiti maji. Ozella kakaa barazani kwake ananihesabia vipande.

Julai 12

Leo ilikuwa karamu ya samaki kanisani, ya kuchangia mabasi ya Jumapili ya Kurudi Nyumbani. Hiyo ndiyo siku yetu, Jumapili ya pili ya Agosti, waliohamia Detroiti na Filadelfia wote wanarudi, makaburi yanasafishwa, meza zinatandikwa uani kwa kanisa, na mchungaji mgeni anapumzishwa nyumbani kwa mmoja wetu. Mwaka huu anatoka Jacksonville, Mchungaji Broadnax, kafiwa na mkewe, ana meno yake yote. Wamama wa kanisa walikuwa wanasema apumzishwe kwangu au kwa Ozella, itategemea nani atakuwa na paa.

Nilikuwa nimejaza sahani nikamsikia Ozella anaongea na Harlan karibu na sufuria ya mafuta. Hata hakushusha sauti. Anamwambia hela ya fungu la pili atampa akimletea karatasi ya duka la vigae, iliyotiwa sahihi kwamba duka limelipwa na halina madai juu ya nyumba yake. Mbele ya watu! Kwa mdhamini wa kanisa! Harlan anacheka, anasema Mama Ozella, mimi nilikubebea jeneza la mumeo. Ozella anasema, "Ulilibeba vizuri, Harlan. Karatasi iko wapi?"

Watu wakaangalia samaki wao.

Ndipo nikaona pa kupenya. Nikasimama, nikafungua mkoba, nikatoa kitabu cha hundi. Harlan ndiye aliyeandika tarakimu, mimi nikatia jina langu, hilo najua. Pesa yote ya bima, kazi yote, mpaka senti ya mwisho, na nusu ya paa bado ni mbao tupu. Nikasema kwa sauti ya kufika jikoni kwamba mimi ndugu yangu wa kanisa simwombi karatasi. Wazee wakasema amina. Harlan akaninong'oneza kwamba paa langu litaisha wiki ijayo, kabla ya lile la pili.

Ozella kala samaki wake mpaka mwiba. Hakunitazama. Nilidhani ni wivu. Na mimi wivu naujua kwa harufu.

Julai 15

Mafundi hawakuja.

Julai 16

Mafundi wamekuja. Wamekwenda kwa Ozella.

Nimempigia Harlan. Kasema ni siku moja mbili tu, Mama Arletha, wewe ni mtu wa nyumbani, utanielewa.

Julai 19

Nyundo kwa Ozella.

Julai 20

Nyundo kwa Ozella. Mvua ya saa tisa imeingia jikoni kwangu. Nimetega sufuria.

Julai 22

Nyundo. Kwa. Ozella. Na anawapa mafundi maji ya ndimu yaliyotengenezwa kwa unga wa pakiti, na wanayashukuru.

Nimekaa nimefikiri. Sina shule lakini nina akili. Pesa yangu yote iko mfukoni kwa Harlan, kwa hiyo hana anachokifuata kwangu. Ya Ozella bado iko kwa Ozella. Mtu anakwenda iliko pesa, kama nzi na tikiti. Nilijua hivyo nikiwa mtoto, mchumaji akishalipwa asubuhi machungwa yanaozea mtini. Sijui lilinitoka vipi siku ile ya samaki. Yaani najua. Lakini halisemeki kwenye kidude.

Agosti, Jumapili ya pili

Paa la wifi lilimalizika Alhamisi. Kijani kitupu. Mifereji ya maji tu ndiyo bado, lakini nani anatazama mifereji.

Mchungaji Broadnax kapumzishwa kwa Ozella. Nimeona kwa macho yangu: kavuliwa koti, kapewa kiti cha Rufus, marehemu mumewe Ozella, kiti ambacho hata paka haruhusiwi kukikalia. Kwangu walipita tu, binamu zangu wa Detroiti, wakasimama uani wakatazama turubai. Mmoja akasema, "Arletha, bado?" Nilimwambia natengenezewa kitu cha pekee.

Nilipeleka mkate wangu wa mahindi mezani ndani ya kikaango cha Mama Lovie. Mchungaji kala vipande vitatu, kauliza nani kaupika. Kabla sijafungua mdomo Ozella akasema, "Kikaango cha mama yangu hicho." Hakusema uongo. Lakini aliona jinsi ya kuuweka ukweli mahali pa kunichoma.

Nilirudi nyumbani mapema. Nikasema kichwa kinauma. Kilikuwa kinauma kijani.

Agosti 25

Paa langu limeisha. La kijivu, lina adabu. Nimelala mchana kutwa chini yake nikisikiliza kimya.

Septemba 8

Kimbunga kilipita pembeni, kimeng'oa mti wa pekani kwa jirani. Kwangu halijaingia hata tone. Baba yako angefurahi. Nimemsamehe Harlan. Ozella sijamsamehe.

Septemba 23

Leo nimepata karatasi. Haikuwa ya kutia sahihi, hii ilikuja yenyewe ndani ya sanduku, bahasha ya kawaida, kama bili ya maji. Kusoma sisomi lakini jina langu nalijua, na namba ya nyumba naijua, na mhuri wa mahakama ya kaunti naujua kwa kuuona mlangoni kwa watu wakitolewa.

Nimempigia Harlan. Simu inaita.

Septemba 24

Inaita.

Septemba 25

Renita umepiga ukauliza habari. Nikakwambia nzuri. Sasa unasikia ilikuwaje nzuri.

Septemba 26

Hili litachukua muda, ngoja nikae vizuri.

Nilivuka barabara. Watu wa kunisomea nilikuwa nao wawili, mwanangu aliyeko mbali na wifi yangu aliyeko mbele, na mwanangu sitaki alie. Nilichukua karatasi nikaiweka chini ya sahani ya vitumbua ili nionekane nimekuja kwa vitumbua.

Ozella kafungua, kaangalia sahani, kaangalia karatasi inavyochungulia. Akaniambia, "Ingia, wifi. Hivyo vitumbua umeviunguza."

Kasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Safari hii sikumcheka. Alipofika mwisho kavua miwani, kaniambia: duka la vigae limeweka zuio juu ya nyumba yangu. Vigae vilivyo juu ya kichwa changu Harlan hakuvilipia. Duka haliwezi kumkamata Harlan, lakini nyumba haikimbii, kwa hiyo limeishika nyumba. Nisipolipa, wanaweza kwenda kwa hakimu nyumba iuzwe wapate chao.

Nikasema lakini nimelipa, kanisa zima liliniona nikilipa. Akasema, "Ulimlipa Harlan. Hukulilipa duka."

Nikasema basi nilipe mara mbili?

"Ndivyo inavyokuwa," akasema. "Ile barua ya Juni ndiyo iliyokuwa inakwambia. Jina la duka, kwamba ndio wanaotoa vigae, wapate kulipwa la sivyo watashika nyumba. Uliipata, ulisema. Kabla yangu."

Nikapanga vitumbua upya kwenye sahani. Halafu nikamwambia nilikuwa bafuni.

Nilingoja acheke. Mimi ningecheka. Hakucheka. Akaniuliza Twyla alikuja mara ngapi, nikamwambia mara mbili, akafumba macho. Akasema kuikataa barua ile ni sawa na kuipokea, sheria haijali kama ulikuwa bafuni. Watu wetu tumedanganyana miaka yote kwamba usipotia sahihi haijafika. Imefika, wifi. Hujui tu inasemaje.

Nikamuuliza yeye haya yote kayajulia wapi. Nilikuwa bado namwonea wivu, sikufichi, nyumba yangu inauzwa na mimi naona wivu kwamba yeye ndiye anayejua kwa nini inauzwa.

Akasema, "Kwa Rufus."

Rufus alikuwa mpiga lipu. Kumbe miaka ile yote, makandarasi wakila jasho lake, Rufus alikuwa anakwenda mahakamani kuweka zuio juu ya nyumba za watu. Watu wenyewe hawajamkosea kitu. Ozella ndiye aliyekuwa anamwandikia, maana Rufus naye kalamu ilikuwa inamtoa jasho. Akasema kuna mama mmoja huko Lakeland alikuja mlangoni kwao na mtoto mgongoni, akalia, anasema nimeshamlipa mkandarasi, kwa nini mnanishika mimi? Na wao walikuwa hawana hata unga. "Tulichukua hela yake," Ozella kasema. "Tulikuwa tunadai kweli. Na yeye alikuwa kalipa kweli. Toka siku ile nikasema, nikiwa na nyumba yangu, sitamlipa mtu bila karatasi, hata awe malaika Gabrieli na ngazi yake."

Tukaonja. Vitumbua vilikuwa vimeungua kweli.

Halafu nikamwambia lile nililokuwa sitaki kulisema kwa kidude. Kwamba nilitoa hundi ile si kwa kumwamini Harlan. Niliitoa ili yeye aonekane mbaya na paa langu liishe kwanza.

Akasema, "Najua. Nilikuwa nakuona ukifungua mkoba. Nilitaka kukuzuia, nikasema, mwache. Anajiona sana huyu, toka siku ya kikaango."

Nikasema, "Kikaango?"

"Mama alikuita wewe," akasema. "Mimi nilikuwa mlangoni. Miaka yote hii nakuja kwako kula mkate wa mahindi, wifi, si kwamba nina njaa. Nakitazama."

Renita, nilidhani wivu katika barabara hii uko upande wangu tu. Kumbe ulikuwa unavuka kwenda na kurudi, unapishana na mwenzake katikati.

Septemba 28, Jumapili

Baada ya ibada Ozella kamzuia Harlan mlangoni mwa chumba cha wadhamini. Alimshika kiwiko kama anamsaidia ngazi. Tukaingia watatu. Mimi nilikuwa nimepanga maneno makali, nikakuta macho ya Harlan mekundu, maneno yakapungua.

Ozella kaweka mezani karatasi yake, ile aliyodai pale kwenye samaki. Sahihi ya duka, kwamba vigae vya kijani vimelipwa. Akamuuliza hela ya kulipia hivi ulitoa wapi, na mimi nilikuwa sijakupa?

Harlan kazungusha kofia. Lori lilikuwa limekufa, kasema, kuna mteja mwingine alimkimbia, na Mama Ozella alikuwa hatoi senti bila karatasi ya duka, na duka halitoi karatasi bila hela. Akasema, "Nilichukua ya Mama Arletha. Nilisema nikilipwa na Mama Ozella nitarudisha kwenye vigae vya kijivu. Halafu hela yake ikaliwa na lori."

Yaani paa la kijani, Renita. Lile paa nililokosa chakula kwa ajili yake, lile alilopumzikia Mchungaji Broadnax. Nililinunua mimi.

Nilicheka. Sikutaka, kilinitoka tu. Ozella akanitazama, kona ya mdomo ikamcheza, akajikaza.

Harlan kasema, mama zangu, tunaweza kuliombea jambo hili. Ozella akamwambia tutaliombea, tena sana, ila kwanza kaa.

Ikawa hivi. Ozella ana fungu la mwisho, la Harlan, alilizuia mpaka mifereji ifungwe na mpaka Harlan aape kwa sahihi kwamba hakuna mtu anayedai. Hilo fungu ataliandikia hundi yenye majina mawili, la Harlan na la duka, mmoja hawezi kuichukua bila mwenzake. Harlan akubali liende kwenye vigae vyangu. Halitoshi. Linalobaki, Harlan atauza kile kimashua chake cha kuvulia samaki, kinachokaa uani kimefunikwa vizuri kuliko nyumba za watu. Na hundi inatolewa pale dukani, mkono kwa mkono, karatasi ya kuondoa zuio ikiwa imeshatiwa sahihi.

Harlan kauliza je, wadhamini wenzake watajua?

Ozella akasema, "Kwani walijua ulipolipwa?"

Oktoba 3

Mifereji ya Ozella imefungwa. Harlan kafunga mwenyewe, peke yake, bila ndimu.

Oktoba 11

Mashua haijapata mnunuzi. Nimemwombea mnunuzi. Nimeomba awe mjinga.

Oktoba 20

Mvua siku nzima. Twyla kaleta barua ya kadi ya kijani, nikakimbilia getini nikatia jina langu kabla hajazima gari. Ilikuwa ya watu wa maji. Twyla kasema ataniombea.

Novemba 6

Mashua imeuzwa. Mnunuzi ni Mchungaji Broadnax. Sitasema kitu kuhusu maombi yangu.

Novemba 12

Dukani. Mimi nimevaa kofia ya Pasaka, Ozella kavaa ya kwake, ni nzuri kuliko yangu, tuendelee. Harlan katia sahihi mgongoni mwa hundi. Bibi wa duka akatelezesha karatasi. Nilitaka kuichukua, Ozella kanipiga kofi la mkono, akaisoma kwanza. Kwa kidole. Watu nyuma yetu wakakohoa. Nikageuka nikawaambia, "Subirini. Wifi yangu anasoma."

Kutoka hapo tukaipeleka mahakamani ipigwe mhuri. Nimeigusa nguzo ya baraza niliporudi. Nikaigusa tena.

Novemba 30

Redio imesema msimu wa vimbunga umefungwa. Na kidude kinasema kimejaa, kinapiga kelele ya kidogokidogo kama kifaranga, kwa hiyo nasema haraka.

Asubuhi nilikipaka kikaango mafuta, nikakikausha jikoni juu ya moto, nikakifunga kwenye taulo safi. Halafu nikachukua karatasi. Kuandika siwezi, nikachora. Nikachora kikaango, na nyumba mbili, na mstari kutoka nyumba hii kwenda ile.

Nikavuka. Ozella alikuwa barazani, chini ya kijani chake. Nikamwekea magotini. Alijua kwa uzito, kabla ya kufungua taulo. Alikaa nacho muda mrefu, anakipapasa pembeni pale palipolika, ambapo Mama Lovie alikuwa anagonga kijiko.

Nikamwambia usikioshe kwa sabuni.

Akasema, "Unadhani nilizaliwa wapi?"

Akataka kunyanyuka akipeleke ndani. Nikakishika mpini. Nikatoa karatasi yangu mfukoni na kalamu ya Twyla, ile niliyosahau kumrudishia, nikaviweka juu ya goti lake.

Akavaa miwani. Akaigeuza juu chini. "Hii nini, wifi?"

"Kikaango."

"Mbona kama kasa?"

"Tia sahihi. Kwamba umekipokea, na kwamba hunidai kitu tena, wala mimi sikudai. Bila karatasi sikiachii, hata ungekuwa malaika Gabrieli."

Akanitazama juu ya miwani. Nikadhani atanitukana. Akaisoma, Mungu anajua alisoma nini, kwa kidole, nyumba kwa nyumba, mstari wote kutoka kwangu mpaka kwake. Kisha akatia sahihi, pole pole, herufi zimelala upande mmoja kama majani kwenye upepo, mwishoni kamkia kadogo kamejikunja.

Nimeibandika kwenye nguzo. Naiangalia hapa nilipo. Hata sahihi, jamani.